Mapenzi Bila Matanga

Nianze na taya. Katika riwaya za mapenzi zinazotoka Marekani na Uingereza siku hizi, mwanamume hawezi kukasirika, kuona wivu wala kuwaza bila taya lake kukaza. Linakaza kwenye lifti, linakaza mezani, nadhani linakaza hata akiwa usingizini. Msichana naye kila baada ya sura mbili anashusha pumzi ambayo hakujua kama alikuwa ameibana. Nimesoma vitabu hivi miaka mingi, vipya na vya mitumba, kwenye foleni za benki, ndani ya mwendokasi nikiwa nimening'inia kwa mkono mmoja, na usiku umeme ukikatika, kwa mwanga wa simu. Nikifika kwenye taya naruka mistari mitatu. Halafu naendelea, kwa sababu nataka kujua wale wawili wataishia wapi.

Wasomaji wengi wa rika langu wanavisoma kimyakimya. Mwanamke msomi akikutwa na riwaya ya mapenzi kwenye mkoba atakwambia ameichukua kwa mtoto. Mimi sina aibu hiyo, ila nina maoni, na mengine hayatawapendeza wanaovipenda vitabu hivi wala wanaovidharau.

Wanaovidharau huanza na mwisho wake. Wanasema havina maana kwa kuwa tangu jalada unajua kwamba watapatana. Ni kweli unajua. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa fani hii kilichoanzishwa 1980, kiliweka masharti mawili kwa kitabu kuitwa riwaya ya mapenzi: mapenzi yenyewe yawe ndiyo kiini cha kisa, na mwisho uridhishe na kutia matumaini. (Chama chenyewe kilikwenda mahakamani mwaka 2024 kuomba kinga ya kufilisika, kwa hiyo sharti la pili lilikishinda.) Lakini msomaji wa riwaya za upelelezi naye anajua kwamba mhalifu atakamatwa, na hakuna anayemcheka. Elvis Musiba alituuzia mpelelezi wake Willy Gamba miaka na miaka, na sijui mtu aliyefungua Kufa na Kupona akihofia kwamba Willy atabaki kaburini. Tulisoma tuone atapitia wapi. Kwenye mapenzi ni hivyohivyo, kinachosomwa ni kikwazo. Nini kinawazuia hawa wawili wasiwe pamoja ukurasa wa kumi? Kikwazo kikiwa cha kweli, kitabu kinasimama. Kikiwa cha kulazimisha, mwandishi awe fundi wa lugha namna gani, nitakifunga.

Na hapo ndipo vitabu vipya vya huko vinaponichosha. Wahusika wao ni watu wazima, wana kazi, wana nyumba, wazazi hawana sauti, hakuna mahari, hakuna mjomba atakayepanda basi kutoka kijijini kuja kuulizia ukoo. Basi mwandishi inambidi awatengenezee kizuizi, na mara nyingi anatengeneza siri ambayo simu ya dakika tano ingeimaliza. Happy Place ya Emily Henry (2023) ni ya namna hiyo. Harriet na Wyn wameachana, hawajawaambia marafiki zao, sasa wote wamekwenda mapumzikoni Maine, na inabidi wawili hao waigize uchumba wiki nzima. Nilikisoma hadi mwisho huku nikisema kwa sauti, "Waambieni basi, tulale."

Emily Henry huyohuyo, mwaka mmoja kabla, alikuwa ametoa Book Lovers, na hicho nimekirudia. Nora ni wakala wa waandishi New York, mwanamke mkali, wa kazi, wa viatu virefu. Yule ambaye katika filamu za Krismasi huachwa na mchumba aliyekwenda mji mdogo akakutana na binti mpole muoka mikate. Henry amemchukua aliyeachwa akamfanya yeye ndiye mwenye hadithi. Kikwazo chake kinaeleweka: amekuwa mama wa mdogo wake tangu mama yao afariki, na hajui kuishi bila kumbeba mtu. Mwishoni hahamii mji mdogo wala hajifunzi kuoka. Anabaki na jiji lake na kazi ya vitabu, na mwanamume ndiye anayemfuata. Kwa hilo nilimsamehe mwandishi utani mwingi uliozidi kipimo.

Wana mbinu nyingine wanazozipenda ambazo msomaji wa kwetu anazisoma kwa kicheko. Maarufu kuliko zote ni ya kitanda kimoja. Wawili wasiopatana wanafika hotelini usiku wa mvua, kimebaki chumba kimoja chenye kitanda kimoja, na kurasa ishirini zinakwisha wakijadili nani alale wapi. Mtu aliyekulia likizo za kwa bibi, watoto sita godoro moja, mzungu wa nne, unamweleza vipi kwamba hilo ni tatizo la kuandikia sura nzima?

Colleen Hoover ni kesi nyingine. Ukitaka ugomvi na wasomaji wa mapenzi, mtaje huyo. Mimi naona hivi: sentensi zake ni za harakaharaka, majina yake yanachekesha (mwanamke aitwaye Lily Blossom Bloom anafungua duka la maua, na mwandishi anajua kabisa kwamba tunacheka), na zile kurasa za shajara ambazo Lily alipokuwa binti alimwandikia Ellen DeGeneres ningeziondoa zote. Hata hivyo It Ends with Us, kilichotoka 2016 kikaja kulipuka miaka mitano baadaye kwa nguvu ya video za TikTok, kimefanya jambo ambalo vitabu vingi vinavyoheshimika vimeshindwa.

Ryle ni daktari wa upasuaji wa ubongo, mzuri wa sura, mcheshi, mwenye fedha. Kwa kanuni za fani, msomaji ameshamkabidhi Lily. Halafu jioni moja wako jikoni, divai imeshuka, Ryle anashika chombo cha moto cha kwenye oveni kwa mkono mtupu. Anaungua, chakula kinamwagika sakafuni, Lily anacheka, kama ambavyo mtu yeyote angecheka. Ghafla mkono unamsukuma, na uso wake unagonga kabati. Papo hapo Ryle anaomba radhi, anatetemeka, anambembeleza, na Hoover anauandika msamaha ule kwa sauti ileile tamu aliyoandikia mabusu. Haweki kengele ya hatari. Hamwambii msomaji huyu ni mtu mbaya. Msomaji anajikuta anamtetea: mkono wa daktari wa upasuaji, jamani, na yeye kacheka. Zinapita kurasa kadhaa kabla hajagundua kwamba anayasema yale ambayo mama zetu wadogo waliambiwa na mashangazi zao walipokimbilia nyumbani na jicho limevimba. Yanafuata makubwa zaidi ya kabati. Na mwisho wake si ule wa sharti la chama. Lily anaomba talaka palepale hospitalini, binti yao mchanga akiwa mikononi mwa baba. Anampenda, na anamwacha.

Hoover alieleza kwamba kitabu kimetokana na maisha ya mama yake. Kwa hiyo ilinishangaza Januari 2023 ilipotangazwa kwamba kungetolewa kitabu cha kupaka rangi kutokana na riwaya hiyo. Wapake rangi gani, jicho? Wasomaji walipiga kelele na mpango ukafutwa upesi. Ndivyo biashara hii ilivyo. Ikipata kitu chenye uchungu wa kweli, kesho yake inakitafutia kikombe na fulana.

Kuhusu riwaya za mapenzi zenye majoka sitachukua muda. Onyx Storm ya Rebecca Yarros iliuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki yake ya kwanza, Januari 2025, na wachapishaji wengine wote tangu hapo wanatafuta joka lao. Nilisoma cha kwanza cha mfululizo ule, Fourth Wing, na nilichokipenda ni mwili wa Violet. Viungo vyake vinachomoka, magoti yanamgomea, kila asubuhi anajifunga bandeji kabla ya kwenda kupigana. Yarros mwenyewe anaishi na maradhi ya namna hiyo, na inaonekana, kwa sababu maumivu yale hayakuandikwa kwa kubahatisha. Yaliyobaki, vita, chuo na mvulana mwenye taya, nayaacha kwa wenye nafasi.

Kwetu sharti ni kinyume, ingawa hakuna chama kilicholiandika. Kijana akipenda katika kitabu cha Kiswahili, hasa kitakachofika darasani, msomaji aanze kuandaa rambirambi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na mpaka leo hakuna riwaya yetu iliyomwingia msichana rohoni kama ile. Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Barua tu. Analelewa kwa kuchungwa, anapopata uhuru hajui aufanyie nini, na mwisho anajiua. Kezilahabi alikuwa anamshitaki baba, Zakaria, na malezi ya fimbo, na mtu akisoma kwa makini ataona. Lakini kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na waliokisoma kwa kujificha chini ya dawati walitoka na somo moja: msichana aliyependa, kaburi. Mwaka huohuo wa 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa iliyoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kwa karibu nusu karne, basi, binti wa miaka 15 alikuwa mkubwa wa kutosha kuolewa na mdogo mno kupokea barua.

Ngoswe ndiyo inayonichekesha na kunikera kwa pamoja. Tamthiliya ya Edwin Semzaba ni nzuri, ina lugha hai ya kijiji, na Mzee Mitomingi ni mhusika ambaye ukishamsoma humsahau. Ofisa wa sensa anakwenda kuhesabu watu, anampenda binti wa mzee, Mazoea, na karatasi za serikali zinaishia motoni. Sawa. Ila tazama jina lake kamili: Ngoswe, Penzi Kitovu cha Uzembe. Tumewapa vijana wa sekondari, vizazi na vizazi, katika umri uleule ambao mioyo yao inaamka, kitabu kinachotangaza kwenye jalada kwamba penzi ni chanzo cha uzembe. Wamelijibia maswali hilo kwenye mtihani wa taifa. Wamepata alama.

Halafu Kilio Chetu, tamthiliya ya Ukimwi ya miaka ya tisini. Hii siwezi kuiandika kwa mzaha. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua tulivyozika, na nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu. Tena tamthiliya ile inawalaumu wazazi waliokataa kuzungumza na watoto wao, wala haiwalaumu watoto peke yao. Jina lenyewe linasema. Vijana wake, Joti na Suzi, walikuwa wanaangamia kwa ujinga waliorithishwa. Tatizo ni kwamba maradhi yamepata dawa za kuyatuliza, watu wanaishi, wanazaa watoto wasio na virusi, lakini kitabu chetu cha mapenzi ya vijana bado kinaandikwa kama vile tuko palepale. Kila busu lina matokeo yake kabla ya sura kwisha. Ni mimba, ni ugonjwa, ni kufukuzwa shule, ni mvulana aliyetoroka.

Wapo waliokwepa, na haki yao niwape. Takadini amependa na ameishi. Yule kijana zeruzeru mwenye mguu mbovu, ambaye mama yake Sekai alikimbia naye usiku ili asiuawe, anapendwa na Shingai, msichana aliyekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine, na wanaoana. Wanafunzi wanaikumbuka ndoa ile kuliko dhamira zote walizokaririshwa. Lakini Takadini ni kazi ya Ben J. Hanson, mandhari yake ni ya Zimbabwe, na kwa Kiswahili tumeipata kwa tafsiri. Tulipotaka harusi, tuliiazima.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu, shule ya mchepuo wa Kiingereza, na vitabu vyangu ni vyake. Mwaka jana alikuja kurudisha Sunrise on the Reaping ya Suzanne Collins, iliyotoka Machi 2025, akiwa na macho mekundu.

"Shikamoo shangazi. Lenore Dove kafa bure."

"Marahaba mwanangu. Kafa, ndiyo. Nani kamuua?"

"Si rais! Katuma peremende zina sumu, na Haymitch ndo kamlisha kwa mkono wake. Sijalala."

Tukakaa kibarazani tukamsema Rais Snow kama jirani. Baadaye akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Una kingine kama hiki? Cha Kiswahili." Nikaenda kwenye rafu. Nikasimama.

Collins anaua wapenzi bila huruma, kwa hiyo siwezi kusema kwamba vitabu vya vijana vya huko vyote ni vya harusi. John Green naye katika The Fault in Our Stars (2012) aliwapendanisha wagonjwa wawili wa saratani, na unajua mmoja hafiki mwisho. Lakini msichana wangu hakuinuka pale akiwa ameambiwa kwamba Lenore Dove aliponzwa na kupenda. Alijua muuaji ni nani, anakaa wapi na anafaidika na nini. Hasira yake ilikuwa imeelekea juu, kwa wenye mamlaka. Rosa alipokufa, sisi hasira yetu ilielekezwa kwa Rosa. Kifo kwenye riwaya ya mapenzi sikikatai. Ninachokataa ni kifo kinachotolewa kama adhabu ya barua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Concrete Rose ya Angie Thomas, ya Januari 2021, inayosimulia ujana wa baba yake Starr, msichana wa riwaya yake ya awali, The Hate U Give. Maverick ana miaka 17, yuko kwenye kundi la mtaani, ana msichana anayempenda, Lisa, na anagundua kwamba mtoto aliyezaliwa na msichana mwingine ni wake. Kisha mama wa mtoto anamwachia kichanga. Ukurasa baada ya ukurasa tunamwona mvulana huyu akihangaika na nepi, na maziwa, na usingizi wa saa moja, akisinzia darasani, akijaribu kulala na mtoto analia tena. Mama yake ana kazi mbili na hamwonei huruma: mtoto ni wako, mwanangu, amka. Binamu yake anauawa, wenzake wanataka kisasi, na yeye ana mtoto kifuani. Mzee jirani anampa kibarua dukani na kumfundisha kutunza waridi. Thomas hakuficha kwamba mimba ya utotoni inavuruga maisha. Ameonyesha inavyoyavuruga saa kwa saa, tena kwa mvulana, kisha akaandika kesho yake, na kesho kutwa.

Nilikuwa nakisoma mwaka ule ambao, hapa Tanzania, mwezi Novemba, serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida. Kabla ya hapo walikuwa wakifukuzwa moja kwa moja. Shule ilikuwa inafanya kile ambacho riwaya zetu zilikuwa zimeshafanya, yaani kumtoa msichana kwenye kitabu akishapata mimba, na mvulana hata jina lake halikumbukwi. Sasa wapo madarasani, wana miaka 18, wana mtoto nyumbani kwa bibi, wanasoma fizikia. Mpaka leo sijamkuta mmoja wao katika riwaya ya Kiswahili kama mhusika mkuu ambaye, pamoja na yote, anapendwa na mtu.

Nilichomtolea binti wa kaka yangu siku ile kilikuwa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Nilijua si kitabu cha vijana hasa. Kina ukomunisti, kina magereza ya Waingereza, kina kurasa za siasa ambazo nilimruhusu azipite. Lakini kina Yasmini, binti wa miaka 15 aliyeozwa Raza, mwanamume wa kumzaa, akatoroka. Mama yake anamfungia mlango, mjomba anamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo. Mwajuma ndiye ninayetaka waandishi wetu wamtazame upya. Ni mwanamke wa raha zake, mwenye chumba kimoja na moyo wa vyumba kumi, anayemwogesha rafiki yake aibu aliyopakwa na ukoo, anamtoa kwenda kusikia muziki, anamtania, anamlisha. Riwaya za mapenzi za Marekani zimejaa marafiki wa kike ambao kazi yao ni kusikiliza habari za taya. Mwajuma ana maisha yake. Na Yasmini, baada ya mpenzi wake Denge na polisi na vishindo vyote, habaki kaburini wala hajutii kutoroka. Anaolewa na Bukheti, mtu aliyemridhia mwenyewe. Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021 na kuipeleka tamasha la Toronto, niliwaambia wenzangu kwamba tumekuwa na riwaya ya mapenzi ya daraja la kwanza kabatini kwa miaka ishirini na tumekuwa tukiiita riwaya ya ukombozi. Ni ya ukombozi, ndiyo. Ila watu wanaikumbuka kwa Yasmini.

Binti alikimaliza kwa wiki mbili. Alimpenda Mwajuma. Akasema hata hivyo ni habari za zamani, hakuna mtu mwenye simu.

Wenye simu wapo, kwenye simu. Hadithi za mapenzi za Kiswahili zinazosomwa na watu wengi leo hazina jalada. Zinakuja kwa WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini, na neno itaendelea panapouma. Sehemu za mwanzo ni bure, ukinogewa unatuma shilingi elfu moja au mbili kwa simu unaletewa zilizobaki. Utaratibu wenyewe si mpya, maana Eric Shigongo alijenga wasomaji wake kwa hadithi za magazetini za kila wiki, na kisa kama Rais Anampenda Mke Wangu kilisubiriwa kwenye vibanda vya magazeti. Waandishi hawa wa simu wanajua kasi, wanajua kukata sura, wanajua lugha ya saluni na ya kituo cha daladala, na wengi wao ni wasichana. Nawasoma. Lakini kwa kuwa nimeahidi kusema nionavyo, nitasema: bosi tajiri mwenye gari jeusi nimemchoka kuliko taya. Na lipo jambo baya zaidi. Katika hadithi nyingi mno, yule bosi anamwingilia dada wa kazi kwa nguvu katika sehemu ya sita, na kufika ya ishirini ni mchumba wake. Hakuna mhariri wa kumuuliza mwandishi, mwenzangu, unajua hapa umeandika nini? Hoover, pamoja na maua yake yote, hakumwacha Ryle apite bila jina lake.

Sisemi hivyo ili tuwafungie. Kufungia tumeshajaribu, vitabu vya mwandishi David Maillu vilifungiwa Tanzania miaka ya sabini, na wasomaji wakazidi kuvitafuta. Wanachohitaji wasichana hawa ni mhariri na malipo. Nigeria walianza: mwaka 2014 Cassava Republic ilianzisha Ankara Press kwa ajili ya riwaya za mapenzi za Kiafrika, zenye wanawake wenye kazi zao na wanaume wanaouliza kwanza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini njia ilionekana. Sisi kwa miaka kadhaa tulikuwa na Tuzo ya Burt ya riwaya za vijana, nayo ilikuwa ya vitabu vya Kiingereza. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2023, ilianza na riwaya na ushairi, ikaongeza hadithi za watoto. Mtoto wa miaka 8 tumemkumbuka, mtu mzima tumemkumbuka. Mwenye miaka 16 anasoma za Marekani au za WhatsApp.

Wala hatuna upungufu wa vikwazo, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Emily Henry inambidi akodi nyumba ya Maine ili kuwatenganisha watu wawili. Hapa mvulana wa Kilutheri wa Machame na msichana wa Kiislamu wa Tanga wametenganishwa tayari kabla hawajasalimiana. Kuna ada, kuna nauli, kuna bweni, kuna simu moja ya nyumba nzima ambayo mama anaisoma, kuna kaka anayejiona polisi, kuna mahari ambayo wazee watakaa siku nzima wakiipandisha na kuishusha, kuna mvulana aliyepata kazi Oman na kurudi ni baada ya miaka miwili.

Kwa hiyo, mwandishi unayesoma hapa, niandikie kurasa mia mbili. Binti yuko kidato cha tatu, ana akili ya hesabu au hana, chagua mwenyewe. Mpe rafiki mfano wa Mwajuma. Mvulana asiwe bosi. Wapendane, wagombane kwa ajili ya bando lililokwisha, waogope kitu cha kuogopwa kweli, wazungumze kuhusu kinga bila mwandishi kugeuka nesi. Waachane kama lazima. Lakini ukurasa wa mwisho uwakute wote wawili wanapumua, na msichana asiwe amejuta kupenda. Na wewe mchapishaji, ukipata mswada huo usiuulize kama utaingia kwenye orodha ya vitabu vya shule; uchape, uweke kwenye vibanda vya stendi ya Magufuli na Kariakoo, kwa bei ya chipsi mayai na soda. Nakala mbili zimeshanunuliwa, yangu na ya binti wa kaka yangu.